Tumbo Linalojibu Lenyewe

Siku hizo, tumbo lililofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene kwa mara ya pili lilipewa sauti, na likishasema "basi", hakuna aliyeruhusiwa kulilazimisha. Nasriya alishukuru. Upasuaji wake wa kwanza uliharibiwa na ukarimu wa mama mkwe wake, Bi Mwanakheri wa Tanga, mwanamke asiyekubali mtu anyanyuke mkekani kabla hajaongezwa chakula. Nasriya hakuweza kumkatalia. Alikula kwa adabu mpaka unene wote ukarudi.

Sasa, wiki ya nane baada ya upasuaji wa pili, alikaa mkekani bila hofu. Alianza na samaki wa kuchemsha, akamtafuna taratibu mpaka akalainika kabisa, ndipo akagusa mchicha. Maji aliyaweka kando, ya baadaye.

"Ongeza japo kijiko cha pilau, mwanangu," Bi Mwanakheri alisema, mwiko tayari uko juu ya sahani.

"Nimeshiba, mama. Ahsante," tumbo likajibu, kwa sauti ya upole iliyofanana na ya Nasriya mwenyewe.

Mwiko ukarudi sufuriani bila kinyongo. Nasriya nusura acheke kwa raha. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na leo ndiyo mara ya kwanza amekula katika nyumba hii asiumwe, wala asimuudhi mtu.

Bi Mwanakheri akasogea, akainama, akaliuliza tumbo, "Na kesho nikupikie nini?"

Nasriya alifungua mdomo ajibu. Kisha akaufunga, akasubiri tumbo limwambie yeye anapenda nini.