Zamu ya Nahodha

Nahodha alikuwa analia. Mwokoaji, akining'inia kwenye waya wa helikopta juu ya sitaha iliyojaa moshi, alimwona waziwazi: jitu zima, koti jeusi lenye mistari ya dhahabu mikononi, makamasi yanamtiririka hadi mdomoni. Kinyaa kikampanda.

Meli mbili zimegongana, hii imeshika moto kuanzia chumba cha injini, mabaharia wamejibanza mbele kabisa, na yeye anasukuma watu ili apande! Kazi hii ina utaratibu wake, hata mfagia sitaha anaujua: majeruhi kwanza, nahodha mwisho.

Wa kwanza kupandishwa alikuwa mpishi, aproni imelowa mafuta, mkono ameukumbatia kama uliovunjika. Masikini, hata uso hakuinua. Mwokoaji akamfunika blanketi mwenyewe, kisha akashuka tena.

Kila aliposhuka, nahodha alimrukia. Aling'ang'ania mkanda, akapayuka maneno yaliyomezwa na mngurumo wa helikopta, huku akivutavuta lile koti lililobanwa na boya la kujiokolea alilovaa juu yake na kujipiga kifua. Loh, mpaka hapa anatambia cheo! Mwokoaji alimpiga kikumbo akamfunga mwingine mkanda. Alitamani hata kumzaba kofi, basi tu.

Helikopta ikajaa pomoni. Moto sasa umefika sitahani. Rubani akauliza kama kuna mtu amebaki.

"Mmoja," mwokoaji akajibu. "Atasubiri turudi. Asiposubiri, shauri yake."

Mlango ukafungwa, wakageuza kuelekea nchi kavu. Mwokoaji akapiga magoti karibu na mpishi, akamnywesha maji ya chupa yake mwenyewe, akampigapiga begani na kumwambia asijali, yamekwisha. Mpishi akayanywa yote. Mabaharia walimtazama, kisha wakageuza nyuso.

"Tumetimia?" mmoja wao akauliza kwa sauti ya kushindana na injini.

Mwokoaji akamwambia bado nahodha wao tu. Kisha akashindwa kujizuia.

"Nimeokoa watu miaka nenda miaka rudi, ndugu yangu. Roho chafu kama ya nahodha wenu sijapata kuiona."

Baharia alimwangalia mpishi, akatema mate sakafuni.

"Nahodha si huyo unayemnywesha maji? Kule umemwacha mpishi. Alivishwa koti, akaambiwa kuna baridi, na akashukuru."