Namba Zilizofanana

Fundi wa kompyuta alikuwa na mafaili mawili: moja la namba za magari yaliyopita usiku ule kwenye barabara ambapo mdogo wake aligongwa na kuachwa afe, jingine la magari yaliyopelekwa gereji kubadilishwa kioo cha mbele. Akaandika amri ya kuyaunganisha kwa namba zinazofanana, akabonyeza.

Ukatoka mstari mmoja tu.

Namba ilikuwa ya gari la mumewe, aliyesimama nyuma yake akisoma.

Mume akaubamiza mfuniko wa laptopu, vidole vya mkewe vikiwa bado ndani. Kidole cha mwisho kikavunjika, ko!

"Futa hiyo kitu," akasema. "Mke wangu, nakuomba. Kulikuwa na giza, sikumwona."

Mke hakulia. Alikitazama kidole chake kilivyopinda upande.

"Uliposhuka kwenye gari, alikuwa hai?"

"Alinishika suruali. Akaniita shemeji."

Mke akainyanyua laptopu kwa mkono uliobaki mzima, akamtandika nayo usoni. Mume alipoanguka, akamfuata palepale sakafuni, akaendelea kumtandika.