Ruhusa ya Baba Zuhura

"Nikishamchoma dawa hii asisemeshwe," nesi aliagiza. "Ubongo utulie mpaka tuupige picha. Wewe usubiri nje."

Bi Somoe aliitikia, lakini baada ya sindano, alipofika mlangoni miguu ikagoma. Tangu aolewe hakuwahi kutoka bila ruhusa ya mumewe. Naye Mzee Kombo, tangu aanguke uani, hafumbui macho wala hatoi neno. Wanawe wenyewe walishaanza kumtaja kama marehemu. Akarudi kitandani.

"Naomba ruhusa, baba Zuhura. Nakaa hapo nje tu."

Akaongeza kwamba hatakawia, kwamba kuku wamelishwa, kwamba mpapai wa uani umezaa. Akabaki anajieleza, anangoja aruhusiwe, mpaka nesi alipomkuta na kumtoa.

Baadaye daktari, binti mwenye miwani, alimwita mbele ya kompyuta. "Bibi, nani alimsemesha mgonjwa?"

"Mimi, mwanangu. Unisamehe."

Daktari hakufoka. Alimwonyesha picha ya ubongo. Kote ilikuwa buluu iliyopoa, isipokuwa usawa wa masikio, palipowaka manjano kama makaa yaliyopulizwa.

"Dawa hukimbilia panapofanya kazi," alisema taratibu. "Hapa ndipo tunaposikilizia. Alikuwa anakusikia, bibi."

"Mashallah! Mashine inamwona mtu akisikiliza?"

"Inamwona."

Bi Somoe aliitazama ile manjano mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akajitanda kanga vizuri, akaisogelea picha.

"Naomba ruhusa, baba Zuhura," alisema, akasimama kungoja.