Sifongo Nyekundu

Sifongo nyekundu ya baharini, iliyotoa dawa ya saratani, ilikuwa imekwisha maabarani. Wageni wa kiwanda cha dawa walitandaza ramani ya bahari mezani.

"Tukachukue wapi nyingine?" waliuliza.

Profesa alimgeukia mzamiaji wa maabara, ambaye siku zote alimwita "we mwanamke".

"Dada yangu, hebu waonyeshe."

Mzamiaji alitazama vidole vyake, vilivyobabuka kwa sumu ya sifongo ile siku alipoigundua. Miaka minne alikuwa amemeza uchungu, kwani ripoti ya Profesa kuhusu ugunduzi huo haikumtaja hata kwa herufi moja.

Alitia mikono mfukoni.

"Mimi najua nini? Ripoti inasema Profesa alipiga mbizi peke yake. Si awaonyeshe mwenyewe?"

Wageni wakamsogezea Profesa kalamu.