Kikombe cha Pembeni

Rutaihwa alifunika kikapu cha kahawa za kutafuna kabla Aroni hajanyoosha mkono. Huku Kishanda ukinyimwa kahawa kwa mtu, usiulize swali la pili. Umeshafukuzwa, bado kutamkiwa tu.

"Mlevi hatafuni kahawa yangu," mzee alisema.

"Taata, huu mwezi wa nane sijagusa pombe."

"Hujagusa! Basi mbona kila Chakula cha Bwana mkate unapokea, kikombe kikikaribia unatoka mbio kama mwizi wa kuku? Kikombe cha Yesu kinakutisha nini, kama huna mambo yako?"

Lilian, binti wa mzee, alikuwa uani anamenya ndizi. Kisu kikanyamaza.

"Jumapili utapiga magoti mbele ya watu na utakunywa. Usipokunywa, ndoa haibarikiwi. Lilian na mimba yake watabaki hapa hapa kwangu."

Sasa Aroni angemwelezaje? Mara ya mwisho alirudia pombe kwa kifuniko kimoja tu cha gongo, eti cha kutuliza jino. Siku ya nne akaokotwa mtaroni kule Kahororo, Bukoba mjini, hana viatu, hana simu, na hilo jino lenyewe halipo. Na vikombe vya kanisani ni vidogo vile vile. Saizi ya kifuniko.

Akaona bora aende kwa mchungaji. Watu walimwonya. Mchungaji Buberwa mdomo wake wembe, na walevi ndio aliowanyoa bila maji. Harusini kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kikimfikia, alikuwa anakisukumia kwa jirani bila kukitazama, wazee wanabaki kusonya: ana majivuno huyo.

Alimkuta barazani. Mama mchungaji alikuwa anachuja juisi nyekundu ya choya, akamwekea mgeni glasi. Aroni hakuigusa.

"Mchungaji, nisaidie. Hiyo divai mimi..."

"Hiyo divai wewe nini? Usinililie hapa. Umemwomba Mungu?"

"Kila siku."

"Kiu imeisha?"

"Haijaisha."

"Nani alikuahidi itaisha? Omba ya leo tu ikupite. Kesho utapiga magoti tena."

Aroni akasimama, glasi nusura imwagike. "Rahisi kusema! Wewe kiu utaijulia wapi?"

Buberwa alimkazia macho mpaka mama mchungaji akaacha kuchuja.

"Toka kwangu," alisema taratibu. "Na Jumapili uje mezani. Kikombe nitakupa kwa mkono wangu mwenyewe."

Habari ikazunguka. Jumapili hata wale wanaosinziaga nyuma walikaa mbele.

"Leo ni leo," Ma Kokubanza wa kwaya alimnong'oneza mwenzake.

"Mleteeni na mrija!"

Wakacheka nyuma ya vitabu vya nyimbo. Rutaihwa, kwenye benchi la wazee wa kanisa, hakucheka. Alikuwa anamtazama Aroni kama mtu anayemsubiri nyoka atoke shimoni.

Mchungaji akashuka na sinia. Vikombe vyote vilikuwa wazi, isipokuwa kimoja cha pembeni chenye kitambaa juu. Hicho kilikuwa chake, akikinywa mwisho baada ya wote. Hayo nayo waliyaita majivuno.

Aliyepiga magoti kushoto kwa Aroni alikunywa, akashusha pumzi. Harufu ya divai ikamwingia Aroni puani kama mtu anayemwita kwa jina lake la utotoni. Mate yakamjaa. Ya leo tu, Bwana. Ya leo tu. Akageuka, akamwona Lilian mstari wa tatu, mkono tumboni.

Hapana. Bora amkose akiwa mzima kuliko ampate akiwa mtaroni. Akainua goti moja.

Mkono wa mchungaji ukamshukia begani, mzito kama gunia.

"Piga magoti!"

Kanisa zima lilisikia. Mtu akaguna. Aroni akarudi chini, macho yanamuwasha, akamchukia yule mtu kuliko alivyowahi kumchukia muuza gongo yeyote.

Buberwa aliinama. Vidole vyake vikaviruka vikombe vyote, vikaenda pembeni, vikaondoa kitambaa. Kikombe kikagusa midomo ya Aroni. Aliuma meno. Halafu pua yake ikashtuka.

Choya.

"Niachie nusu," mchungaji alinong'ona. "Mwaka wa kumi na moja huu sijagusa, na bado naomba ya leo tu."