Friji ya Nahodha

"Hili tundu si la kutu," alisema fundi wa friji, kichwa chake kikiwa bado ndani ya kabati la ubaridi. "Mlikuwa mnakwangua barafu kwa kisu?"

Mke wa Nahodha alikuwa amesimama kwenye ngazi ya boti, kitambaa cha vyombo mkononi. Alifungua mdomo, lakini mumewe akamuwahi.

"Kutu hiyo, fundi. Chumvi ya bahari inakula kila kitu. Wewe toa yote, weka mpya."

"Mzee, hii ni alumini, haishiki…"

"Toa yote."

Mteja akishasema toa yote, fundi mwenye akili zake habishani. Akafungua skrubu, akachomoa kompresa ya zamani pamoja na mabomba yake, akaanza kuingiza mpya kwenye upenyo ambao hata paka angeukataa.

Jina la Nahodha alipewa na rafiki zake, na utani haukukosa ndani yake. Alikuwa fundi umeme mstaafu aliyenunua boti chakavu ya tanga, akaipiga msasa na rangi miaka nenda rudi, na mpaka leo hakuwahi kuitoa nje ya mdomo wa bandari. Lakini kwa maneno alishaizunguka dunia. Kila aliyekaa naye meza moja alijua watapita visiwa gani na watatia nanga wapi. Nyumba wakaipangisha, rafiki wakawafanyia karamu ya kuwaaga, mume na mke wakahamia botini. Basi wiki ile ile ya kuondoka, friji ikafa.

Na friji hiyo haikuwa ya kupozea soda. Nahodha alikuwa na sukari, na dawa yake ya sindano ikikaa kwenye joto huharibika. Daktari alishasema wazi kwamba bila ubaridi hakuna safari.

Mkewe aliogopa. Aliogopa vibaya sana. Kule mbele hakuna hospitali wala jirani wa kugongewa mlango. Ni maji tu, na mume ambaye sukari ikimshuka huongea kama mlevi. Siku hiyo nani angeshika usukani? Yeye, ambaye fundo lake la kamba lilifunguka lenyewe kabla hajageuka? Lakini angemwambiaje asiende? Mtu ameishi na ndoto moja tangu nywele zikiwa nyeusi, leo uje kumwambia imekwisha? Ulimi ulikataa kila alipojaribu.

"Una hakika itadumu?" alimuuliza fundi.

"Mama, hii itatuzika sisi sote."

"Haiwezi kuharibika tena?" Huyu sasa alikuwa Nahodha, akichungulia juu ya bega la fundi huku jasho likimtiririka. "Yaani, kwa bahati mbaya tu?"

"Labda mtu aipige nyundo, mzee."

Walicheka wote watatu, na kicheko kikawa kirefu kuliko utani wenyewe.

Jioni mashine ikaanza kunguruma taratibu, na ukungu mweupe ukatanda ndani ya kabati. Nahodha akapiga makofi. "Kesho asubuhi tunang'oa nanga!" Akawapigia simu rafiki zake mmoja mmoja, kwa sauti kubwa mno kwa boti ndogo vile.

Mkewe alimtazama akakata shauri. Potelea mbali. Kama ni kufa, wafe pamoja. Akazipanga dawa ndani ya friji kwa mkono wake mwenyewe, akakunja masweta, akampigia simu binti yao na kumwambia kwamba mama yake hajawahi kuwa tayari hivi. Kisha akachukua taulo, akaenda kuoga kwenye mabafu ya bandarini. Huko alilia hadi akachoka, akanawa uso, akarudi kulala.

Asubuhi friji ilikuwa na joto kama kabati la nguo. Ajabu ni kwamba dawa zilikuwa salama, zimeshahamishiwa kwenye kasha lililojaa barafu, na katika kile kiherehere hakuna aliyeuliza nani alizihamisha. Fundi akaja mbio, akiwa na hasira za mtu aliyeharibiwa jina. Akalala kifudifudi, akamulika tochi nyuma ya kompresa. Alipotoa kichwa, hasira ilikuwa imemwisha.

"Bomba limekatwa," alisema polepole. "Leo msiniambie kutu. Huu ni msumeno wa chuma, na aliyeushika hakuwa na haraka."

Akamtazama mzee, akamtazama mama, na macho yake yakabaki kwa mama.

"Mara hii si mimi!" mke alimaka.

Akajiziba mdomo, lakini neno lilishatoka. Machozi yakamjaa. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, na hakuthubutu kuinua uso amtazame mumewe.

Nahodha akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti.

"Najua, mke wangu," alisema. "Mara hii ni mimi."