Pweza Aliyejiita Samaki

Hapo kale, chini ya mwamba mmoja wa bahari, Konokono aliishi jirani na Pweza. Walikuwa wa ukoo mmoja, ukoo wa wenye miili laini isiyo na mfupa. Lakini Pweza alikuwa na mbio na akili nyingi, akaona haya kuwa na ndugu anayetambaa. Akahamia kwa samaki.

Siku moja Konokono alimkuta huko, akamsalimu, "Hujambo, binamu?"

"Mimi ni samaki," Pweza akamjibu mbele ya wote. "Ndugu yangu hatembei na nyumba mgongoni."

Konokono akarudi mwambani kwake, moyo ukimuuma.

Mkunga, samaki mrefu kama nyoka na mkubwa wa samaki pale, akamtazama Pweza kwa makini. "Samaki ana uti wa mgongo," akasema. "Hebu niutafute wako."

Akamng'ata mnyiri mmoja, mmoja wa ile mikono yake minane, ukakatika. Pweza akakimbilia kwa Konokono.

Konokono bado alikuwa na uchungu wa yale maneno. Hata hivyo alimwonyesha gamba tupu la marehemu mama yake, akasema, "Ingia." Kwa kuwa hakuwa na mfupa, Pweza alijikunja akaenea humo mwili mzima.

Mkunga akafika. "Umemwona samaki mwenye minyiri?"

"Hapa hakuna samaki," Konokono akasema. "Tupo sisi ndugu tu."

Mkunga akaona magamba mawili, akaenda zake.

"Nitoke?" Pweza akanong'ona.

"Kaa mpaka mnyiri uote tena," Konokono akamwambia. "Nyumba hiyo ni ya ukoo."